Kemikali Zinazojenga Ubongo wa Mtoto Tumboni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu wasomaji, mhariri aliponiomba makala ya ukurasa wa elimu nilikusudia kuandika kuhusu swala ya msafiri, kwa kuwa likizo inakaribia na wengi wetu tutakuwa njiani, wengine hadi Goma, Kigoma na Kisumu. Hilo libaki deni langu. Lililonibadilisha nia ni swali nililoulizwa usiku wa Alhamisi, baada ya darsa yetu ya akina dada.

Aliyeuliza ni mwanafunzi mwenzetu, ameolewa, na wakati huo alikuwa na mimba ya wiki 11. Alisubiri wenzetu watoke, akanivuta kando penye viatu. "Ustadha," akaniambia (nami si ustadha wa mtu yeyote, niko mwaka wa pili tu wa Masomo ya Kiislamu), "nina kifafa tangu nikiwa shule ya msingi. Nameza vidonge kila siku. Mama mkwe anasema dawa za kichwa zinaharibu ubongo wa mtoto tumboni. Nikiziacha nikamtegemea Allah, si ndiyo bora?"

Nakiri mbele yenu kwamba jibu lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nimetoka kusomesha habari za tawakkul saa hiyo hiyo, na mfano ulikuwa umejileta wenyewe. Kilichonizuia ni mwalimu wetu wa usuli, ambaye hachoki kutukumbusha kwamba hukumu ya jambo hutokana na kulielewa jambo lenyewe, na asiyelielewa ni heri anyamaze. Juu ya ubongo wa mtoto aliye tumboni nilikuwa sijui chochote. Nikamwambia, "Dada yangu, usiache hata kidonge kimoja. Nipe mpaka Jumamosi."

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwa dada mmoja wa mwaka wa nne wa udaktari. Nilidhani atanijibu kwa dakika tano. Nilikaa chumbani kwake mpaka adhana ya Maghribi, tukaswali, tukaendelea. Yafuatayo ndiyo niliyoyaelewa, kwa lugha ya mtu wa fiqhi. Walio katika masomo ya tiba watuvumilie.

Tuanze na jambo ambalo wengi tulilisoma sekondari tukalisahau baada ya mtihani. Ubongo ni mkusanyiko wa seli za neva, na ubongo wa mtu mzima una takriban bilioni 86. Seli hizi hazijaunganika kama nyaya za umeme zilizofungwa pamoja. Baina ya neva moja na nyingine pana mwanya mdogo mno uitwao sinapsi, na habari huuvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Neva ya kwanza inamwaga kemikali, ya pili inaipokea kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake. Kemikali hizi ndizo nyurotransmita. Nitaziita wajumbe.

Namna jambo hili lilivyogunduliwa inafaa kusimuliwa. Otto Loewi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Graz, Austria. Usiku mmoja aliota jaribio, akaamka, akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kuyasoma maandishi yake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja asubuhi. Alikwenda maabara usiku huo huo, akachukua mioyo miwili ya vyura ambayo ilikuwa bado inapiga. Wa kwanza ulikuwa na neva yake ile inayopunguza mapigo, wa pili hauna. Akaisisimua neva ya moyo wa kwanza, nao ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji ya chumvi yaliyokuwa ndani ya moyo huo, akayatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, wakati hakuna neva iliyouagiza. Maana yake ni kwamba neva ilikuwa imetoa kitu ndani ya yale maji. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1921, na kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. (Kwa wanaopenda ndoto: kwetu ndoto si hoja, na hata yeye ilibidi vyura wamthibitishie.)

Hapo ndipo elimu yangu ilipokuwa imeishia. Kemikali ni mjumbe, mjumbe hupeleka habari. Kwa hiyo nikamwambia yule dada wa udaktari kwa kujiamini, "Basi mtoto wa wiki 11 hana habari ya kupeleka. Neva zake hazijaunganika. Mjumbe atafanya kazi gani katika mji ambao barabara hazijachongwa?"

Akacheka. Akaniambia, "Ndugu yangu, huyo mjumbe ndiye anayechonga barabara."

Ili kumwelewa, ni lazima tuone kwanza jinsi neva inavyokua. Seli ya neva huzaliwa ikiwa duara, kisha hutoa mikia. Mkia mmoja huwa mrefu, nao ni aksoni, wa kupeleka habari. Mingine hutawanyika kama matawi, nayo ni dendraiti, ya kupokea. Kwenye ncha ya mkia unaokua pana kitu ambacho Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikiona kwa hadubini mwaka 1890 katika kiinitete cha kifaranga, akakiita koni ya ukuaji. Alikiona kikiwa kimekufa na kutiwa rangi, lakini akasema kwamba kikiwa hai lazima kinatembea. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison alikuza kipande cha neva ya kiinitete cha chura nje ya mwili, na akaiona ncha ile ikitembea kweli.

Koni hii ina umbo la kiganja chenye vidole vyembamba sana. Vidole vinatoka, vinapapasa, vinarudi, vinatoka upande mwingine. Ni mfano wa mtu anayeingia chumbani umeme umekatika, anapapasa ukuta mpaka aupate mlango. Kila neva katika miili yetu ilifika mahali pake kwa kupapasa hivyo. Ile inayotikisa kidole cha mguu wako ilianza safari yake chini ya mgongo na ikasafiri hadi mguuni bila ramani yoyote mkononi.

Swali ni hili: koni inajuaje mahali pa kusimama, pa kwenda na pa kugeuka?

Kwa miaka mingi watu walitafuta jibu katika protini maalumu za kuongoza njia, na kweli ziko. Lakini mwaka 1984 kundi la watafiti la Stanley Kater, lililokuwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, lilitoa matokeo ambayo hayakutarajiwa. Walifanya kazi na konokono wa maji baridi aitwaye Helisoma. Msimdharau. Ni wa ukoo mmoja na wale konokono wanaobeba kichocho katika Ziwa Victoria na Ziwa Albert, na ana faida moja kubwa: neva zake ni kubwa, na kila moja inajulikana kwa namba yake. Ukimfungua konokono huyu au yule, neva B19 utaikuta pale pale, na B5 pale pale.

Waliziotesha neva hizo katika sahani za maabara. Koni zikawa zinatembea vizuri. Wakatia serotonini, mmoja wa wale wajumbe. Koni za B19 zikasimama. Za B5 zikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena B19 iliyotiwa serotonini ikashindwa kuunganika na wenzake. Mjumbe yule yule, sahani ile ile, neva moja inaambiwa "simama" na nyingine haiambiwi kitu. Baadaye, mwaka 1988, ikaonekana kwamba asetilikolini ikiwepo pamoja na serotonini inaweza kuizuia ile amri ya kusimama. Kwa hiyo wajumbe wanashindana juu ya neva moja, na mwendo wake unategemea hesabu ya wote kwa pamoja.

Hapa niliuliza kinafanyikaje ndani ya seli. Jibu ni kalsiamu, madini yale yale ya mifupa na meno. Mjumbe anapogusa kipokezi, kiasi cha kalsiamu ndani ya koni hubadilika, na kalsiamu ndiyo inayoendesha mashine ya vile vidole. Jambo la kushangaza ni kwamba koni haitembei kwa sababu kalsiamu ni nyingi, wala haitembei kwa sababu ni kidogo. Ikipungua chini ya kiwango inasimama, na ikizidi juu ya kiwango inasimama pia. Waliowahi kufyatua matofali wanajua. Udongo ukiwa mkavu tofali linavunjika, ukiwa na maji mengi linaporomoka ukiinua kibao. Upo unyevu mmoja tu unaofaa, na fundi anaujua kwa mkono.

Mwaka ule ule wa 1988 kundi hilo likajaribu neva za panya kutoka hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu (mnaohifadhi Qur'ani muitunze). Walitumia glutameti, mjumbe mkuu wa kusisimua. Kwa kiasi fulani dendraiti zilirudi nyuma, zikafupika, huku aksoni ya seli hiyo hiyo ikiendelea kukua. Kwa kiasi kikubwa zaidi seli ilikufa. Basi kitu kimoja, kwa vipimo tofauti, kinapogoa matawi au kinaua mti wote.

Na kuhusu kugeuka: mwaka 1994 watafiti wakiwemo James Zheng na Mu-ming Poo waliweka mrija mwembamba unaotoa asetilikolini kando ya koni ya neva ya chura wa Afrika aitwaye Xenopus. Koni ikageuka, ikaelekea upande inakotoka asetilikolini, kama mtu anayefuata harufu ya pilau.

Mtu anaweza kusema haya yote ni ya sahani, na mwili hai ni jambo jingine. Nilisema hivyo hivyo. Dada wa udaktari akanionyesha habari ya panya wadogo wa mwaka 1996. Panya anatumia masharubu yake kama sisi tunavyotumia vidole, na katika ubongo wake kuna ramani: kila sharubu lina kijiduara chake. Watafiti huko Ufaransa walichunguza panya waliokosa kimeng'enya kimoja kinachovunja serotonini, hivyo serotonini ikajaa kupita kiasi katika ubongo unaokua. Panya hao walikua, walikula, walitembea, lakini ile ramani ya masharubu haikuwepo. Aksoni zilifika katika eneo lao zikatawanyika bila mpangilio. Watafiti walipozuia utengenezaji wa serotonini katika siku chache za mwanzo baada ya kuzaliwa, ramani ikajichora. Kwa hiyo kiasi kina hesabu yake, na wakati pia una hesabu yake.

Sasa tufike kwa mjumbe aliyenikosesha usingizi, kwa sababu ndiye anayehusiana na swali letu. Anaitwa GABA. Katika ubongo wa mtu mzima kazi yake ni kutuliza. Kifafa ni hali ya neva nyingi kupiga kelele kwa pamoja, na baadhi ya dawa za kifafa, kama fenobabitoni, hufanya kazi kwa kumpa GABA nguvu azinyamazishe. Mpaka hapo sawa. Lakini mwaka 1989 Yehezkel Ben-Ari na wenzake mjini Paris, wakichunguza hipokampasi za panya wachanga, walikuta kwamba katika ubongo mchanga GABA hatulizi. Anasisimua.

Inawezekanaje mjumbe mmoja awe na kazi mbili zinazopingana? Kipokezi cha GABA ni mlango wa kloraidi tu. Fikirini mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Ukifunguliwa kabla ya hutuba watu wanaingia, ukifunguliwa baada ya salamu watu wanatoka. Mlango ni ule ule, tofauti ni msongamano wa ndani. Neva changa ina pampu inayojaza kloraidi ndani, kwa hiyo GABA akifungua mlango kloraidi inatoka, na neva inasisimka. Neva inapokomaa hupata pampu nyingine inayoitoa kloraidi nje. Baada ya hapo mlango ukifunguliwa kloraidi inaingia, na neva inatulia. Ule msisimko wa utotoni una kazi: unafungua njia ya kalsiamu, na kalsiamu, kama tulivyoona, ndiyo inayosukuma ukuaji.

Kuna kipande cha mwaka 2006 ambacho nilikisoma mara tatu. Wakati wa kuzaa, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ile inayosukuma mji wa mimba wakati wa uchungu. Kwa panya ilionekana kwamba oksitosini ya mama inafika hadi kwenye ubongo wa mtoto, inapunguza kloraidi ndani ya neva zake, na kwa muda mfupi wa kuzaliwa GABA anageuka kuwa mtulizaji. Neva zilizotulia hivyo zikastahimili zaidi ukosefu wa oksijeni. Mama yuko katika maumivu makali kuliko yote, na mwili wake unamtuliza mtoto anayepita. Subhaanallah.

Nilipofika hapo nilitaka kukimbilia Surat Al-Mu'minun, kwenye hatua za umbo la mwanadamu tumboni, nitafute neno la kuliambatanisha na GABA. Dada wa udaktari, ambaye amehifadhi juzuu nyingi kuniliko mimi, akanizuia. Akasema aya zilitosha kabla hajazaliwa konokono wa Iowa, na maelezo ya maabara yakirekebishwa mwakani nitalazimika kurekebisha na tafsiri. Nimekubaliana naye. Najua baadhi yenu hamtakubali, na mlango wa barua kwa mhariri uko wazi.

Sasa unganisheni mambo. Ikiwa wajumbe hawa ndio wanaosimamisha, wanaosukuma na wanaogeuza neva zinazokua, basi chochote kinachoingia kwa mama, kikavuka kondo la nyuma, na kikawagusa wajumbe hao, kinagusa ujenzi wenyewe.

Pombe inamzuia glutameti na kumpa nguvu GABA kwa wakati mmoja. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya wachanga waliopewa pombe walipoteza neva nyingi mno, ambazo zilijiua zenyewe kwa kukosa ishara zao za kawaida. Kwa binadamu, madaktari wa Seattle walikwishalipa jina tatizo la watoto waliodhurika kwa pombe tumboni tangu mwaka 1973. Hukumu ya pombe tunaijua, lakini tunaishi na majirani, na binti wa jirani anayekunywa waragi akiwa na mimba huenda hajawahi kuambiwa kwa upole.

Nikotini ni jambo letu zaidi. Inakaa juu ya vipokezi vya asetilikolini kana kwamba ndiyo mwenyewe, na ubongo wa kijusi una vipokezi hivyo mapema. Hapa Uganda shisha ilipigwa marufuku katika sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, lakini tunajua inavutwa wapi, na tunajua kwamba baadhi ya wanaoivuta huja swala ya Ijumaa. Kaka zangu, moshi wa mume unaingia pia kwa mke.

Na tukirudi nyumbani likizo: dawa nyingi za kunyunyizia nyanya na kabichi, zile za kundi la oganofosfeti, zinaua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kimeng'enya hicho binadamu tunacho pia. Mwenye mimba asibebeshwe bomba la kunyunyiza, na nguo za aliyenyunyiza zisifuliwe naye.

Nimeacha dawa za kifafa mwisho, kwa sababu hapo ndipo mambo si mepesi kama ya pombe na moshi. Mwaka 2002 watafiti wa Berlin waliwapa panya wachanga dawa kadhaa za kifafa zinazotumika sana, zikiwemo fenobabitoni, fenitoini na valproeti, na wakaona neva zikifa kwa wingi katika ubongo unaokua. Niliposoma hilo usiku ule nilihisi baridi. Mama mkwe alikuwa na haki, nikasema. Nikaifunga kompyuta.

Dada wa udaktari akaifungua tena. "Hujauliza nusu ya pili," akasema. "Akiacha, nini kitatokea?"

Kinachotokea ni hiki. Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu, na linaweza kuendelea bila kukatika mpaka likamuua. Wakati wa degedege kubwa mama anaweza kukosa hewa, na mtoto anakosa pamoja naye. Mama anaanguka, na anaweza kuangukia tumbo. Au moto. Kila mmoja wetu aliyekulia kijijini anamjua mtu mwenye kovu la namna hiyo. Tena dawa hazilingani. Valproeti ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mtoto, kwa maumbile yake na kwa uwezo wake wa kujifunza baadaye, na madaktari hujitahidi kutompa mwanamke anayeweza kushika mimba kama ipo njia nyingine. Nyingine, kama lamotrijini na levetirasetamu, zina hatari ndogo zaidi. Kipimo nacho kina hesabu yake. Ndiyo maana mwanamke mwenye kifafa anatakiwa amwone daktari kabla ya kushika mimba, apangiwe dawa inayofaa kwa kiasi kidogo kinachotosha kuzuia degedege, na aanzishiwe vidonge vya asidi foliki mapema. Dada yetu hakuambiwa haya alipoolewa, wala sisi tuliokula pilau ya ndoa yake hatukuyajua.

Jumamosi tulikwenda kliniki watatu. Daktari alisoma karatasi zake, akauliza mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini. Miaka miwili. Dawa yake haikuwa valproeti. Hakumwachisha. Aliangalia kipimo, akamwongezea asidi foliki, akampangia siku ya kipimo cha picha ya tumbo, akamwambia kwa ukali kidogo kwamba mtu yeyote akimwambia aache, ampe namba ya simu ya kliniki amwambie na daktari.

Upande wa fiqhi, jibu nililompa lilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Madhara yakikutana mawili huchukuliwa lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito, na wa kupima uzito hapa ni mtaalamu mwaminifu. Mafaqihi wetu walimpa tabibu nafasi hiyo tangu zamani, katika mlango wa tayammum na katika mlango wa mgonjwa kufungua saumu. Kumeza kidonge na kumtegemea Allah havigombani. Na mama mkwe tulimwendea pia, kwa adabu zake, tukiwa na matunda. Nilimwambia, "Bi mkubwa, hofu yako haikuwa ya bure, zipo dawa za namna hiyo. Hii ameiangalia daktari." Aliuliza maswali mengi, na mawili sikuweza kuyajibu, nikampigia dada wa udaktari simu pale pale akaongea naye mwenyewe.

Mwenzetu sasa yuko mwezi wa nane, alhamdulillah, hajaanguka. Tumemwekea kiti nyuma, karibu na dirisha. Wiki iliyopita baada ya darsa alinisubiri tena pale penye viatu. Vidonge vyake ni mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, na Ramadhani itamkuta akinyonyesha. Nimeshamwomba siku mbili.